Yowe na Mlango: Maisha ya Hakimu Gabrieli Lazaro Msulwa, 1926–1984

Wasifu uliosomwa makaburini Chanzuru, Kilosa, Jumamosi tarehe 11 Agosti 1984, na mpwa wa marehemu, Yunis.

Baba Kasisi, wazee wa ukoo, watani wetu, viongozi wa kijiji, na ninyi nyote mlioacha kazi zenu mkaja: wakubwa shikamooni, na wote poleni. Kamati ya mazishi iliniomba nifupishe wasifu huu, hasa niruke habari za mwaka 1979, kwa kuwa eti msibani si mahali pa siasa. Nimefupisha. Nimeondoa alama zake za hesabu za darasa la nne na majina ya mbuzi wa babu. Mwaka 1979 nimeuacha mahali pake. Karatasi mlizo nazo mikononi zina kila neno la mwaka huo, maana aliyepiga chapa stensili ni mimi mwenyewe. Atakayeninyang'anya kipaza sauti, ninyi endeleeni kusoma.

Marehemu Gabrieli Lazaro Msulwa alizaliwa tarehe 3 Machi 1926 huko Mamboya, milimani, wilaya hii ya Kilosa. Alikuwa mtoto wa pili wa Mzee Lazaro Msulwa na Mama Elizabeti. Wa kwanza alikuwa mama yangu, Magreti, aliyetangulia mbele ya haki mwaka 1970. Kwetu Wakaguru mtu ni wa ukoo wa mama yake, na mjomba ndiye mwenye sauti ya mwisho juu ya mpwa. Ndiyo sababu leo nasoma mimi. Yeye alikuwa na sauti juu yangu miaka yote, na leo zamu imenifikia.

Jambo moja la utotoni alikuwa akilisimulia kila mwaka, na kila mwaka alilisimulia kama jipya. Siku moja mama yake alikuwa anasonga ugali, likasikika yowe upande wa pili wa bonde. Mama Elizabeti akauacha mwiko umesimama katikati ya sufuria, akatoka mbio bila hata kufunga kitenge vizuri. Ugali ukaungua, watoto wakalala na njaa. Aliporudi, Gabrieli mdogo akamuuliza kwa hasira, "Mama, wale ni ndugu zetu?" Akajibiwa, "Sijui ni nani. Nilisikia yowe." Kumbe alikuwa mwanamke wa mbali ambaye mtoto wake ametumbukia shimoni, na walimtoa mzima. Marehemu alisema kwamba sheria ya kwanza aliyojifunza aliijua kwa harufu ya ugali ulioungua.

Alianza shule ya misheni Mamboya mwaka 1935 akaendelea Berega hadi mwaka 1943. Alikuwa mwanafunzi mzuri na msumbufu. Walimu walimpenda asubuhi na kumchoka mchana, maana alikuwa na tabia ya kuuliza swali la pili baada ya kila mtu kuridhika na jibu la kwanza. Tabia hiyo hakuiacha, na huko mbele mtaona ilimfikisha wapi.

Mwaka 1946 aliajiriwa kuwa karani wa baraza la wenyeji huko Msowero, na mwaka 1953 akahamishiwa Rudewa, enzi zile mkonge umefika hadi kwenye vizingiti vya nyumba za watu. Huko alisikiliza kesi za mipaka mpaka akazijua kwa harufu: mkulima analia ng'ombe wameingia shambani, mfugaji analia njia ya kwenda mtoni imelimwa. Alijifunza kwamba mtu akivuka mpaka wa mwenzake huwa ana sababu nzuri kila mara, na kwamba kazi ya baraza si kuamini sababu bali kuiuliza maswali.

Katikati ya hayo alioa. Tarehe 16 Agosti 1952 alifunga ndoa na Bi Siwema binti Petro, katika kanisa la Berega. Siku ya kwenda kujitambulisha alipiga hodi ukweni mvua inanyesha. Wakwe walikuwa ndani wanamsikia, wakanyamaza makusudi wamwone ni mtu wa namna gani. Akapiga hodi tatu, akakaa uani chini ya mvua. Mlango ulikuwa umeegeshwa tu. Shangazi mmoja akashindwa kuvumilia, akatoa kichwa: "Baba, si uingie, huoni mvua?" Akajibu, "Shikamoo. Sijakaribishwa." Bi Siwema anasema alimpenda pale pale, ingawa alidhani pia kwamba huenda kichwani mna kasoro kidogo. Waliishi pamoja karibu miaka thelathini na miwili, na Mungu aliwajalia watoto watatu: Stefano, Elizabeti na Lazaro.

Uhuru ulipofika, alikuwa miongoni mwa walioimba mpaka sauti zikakauka. Mwaka 1964 alipelekwa Mzumbe kwa mafunzo ya mahakimu wa mahakama za mwanzo. Huko ndiko alikoonyeshwa kwa mara ya kwanza mikataba miwili mikubwa, wa Umoja wa Mataifa na ule mpya wa nchi huru za Afrika. Mwalimu akawaeleza kwamba nchi ni kama nyumba: hakuna ruhusa ya kuingia kwa nguvu katika nchi ya mwenzako, wala kujitia katika mambo yake ya ndani. Ukivamiwa, una haki ya kujilinda. Darasa zima likaandika. Marehemu akanyoosha mkono akauliza, "Na kifungu cha yowe kiko wapi?" Mwalimu hakuelewa. Akamfafanulia: mwenye nyumba anaua watoto wake humo ndani, majirani wanasikia, mkataba unasemaje? Mwalimu akasema hakipo kifungu cha namna hiyo, darasa likacheka. Marehemu hakucheka. Alirudi Kilosa na nakala za mikataba yote miwili, akawa anazisoma jioni kama watu wengine wanavyosoma Zaburi, akikitafuta kile kifungu.

Mwaka 1965 akapangiwa Mikumi kuwa hakimu wa mahakama ya mwanzo, na huko ndiko ilikotokea kesi ambayo wengi wenu mnaijua nusunusu. Naieleza yote.

Mwezi Machi 1967, fundi wa matofali aliyeitwa Urbanus alijifungia ndani na mkewe, Gaudiosa, akaanza kumpiga. Ilikuwa alasiri, watu wanatoka mashambani. Gaudiosa akapiga yowe, mtaa mzima ukasikia. Majirani wakaja, wakapiga hodi. Urbanus akajibu kutoka ndani, "Hapa ni kwangu!" Wakatuma mtu amwite balozi wa nyumba kumi, akakuta balozi amekwenda Kidodi. Ndani kelele zikawa zinapungua, na kupungua kule ndiko kulikowatisha. Wakavunja mlango kwa gogo. Wakamtoa Gaudiosa mkono umevunjika, wakampeleka zahanati. Urbanus alifungwa kwa kosa lake. Lakini kabla ya kwenda jela, naye akawashtaki majirani wote watano kwa kuingia nyumba ya mtu kwa jinai na kuharibu mlango. Mtu mwingine angeitupa kesi ile. Marehemu aliisikiliza siku nzima pamoja na wazee wa baraza.

Aliwauliza: nani mwingine alisikia yowe, au mlisikia ninyi peke yenu? Mlimwita nani kwanza? Mlitumia nguvu kiasi gani? Mlipomaliza mlitoka saa ngapi, na mlitoka na nini mikononi? Hapo kwenye swali la mwisho kijana mmoja, Theodory, akaanza kuangalia chini. Ikajulikana kwamba alitoka na jogoo.

"Theodory," marehemu akamuuliza, "yowe lile lilikuwa la Gaudiosa au la jogoo?"

"La Gaudiosa, Mheshimiwa."

"Sasa jogoo alifuata nini mikononi mwako?"

"Alikuwa anahangaika humo ndani, Mheshimiwa. Nikamwonea huruma."

Baraza zima likaangua kicheko, hata karani akaacha kuandika. Marehemu alisubiri wanyamaze, kisha akatoa hukumu. Wote watano aliwatia hatiani, kwa sababu mlango ulikuwa wa Urbanus na sheria haina kifungu cha yowe. Wanne akawaachia bila adhabu yoyote, akawashukuru mbele ya watu, akawaambia kwamba kama wangepita njia wakiziba masikio, angetamani pawe na sheria ya kuwafunga. Theodory alilima bustani ya zahanati wiki mbili, na jogoo akarudishwa. Mlango, wote watano waliutengeneza wenyewe.

Wenzake mahakimu walimcheka: unamtiaje mtu hatiani huku unamshukuru? Alikuwa akijibu kwamba mlango wa mtu ukivunjwa lazima aliyevunja aje aeleze, hata kama ni malaika. Siku tutakapoacha kuuliza, kila mwenye shoka atasema amesikia yowe.

Alirudi Kilosa mjini mwaka 1971, na mwaka 1974 akahamia hapa Chanzuru kwa hiari yake, kwa sababu aliuamini Ujamaa. Hilo liandikwe kwa herufi kubwa, maana wapo waliosema baadaye kwamba alikuwa mpinzani. Alilima shamba la kijiji kila Jumamosi na jembe lake mwenyewe. Lakini mwaka huo huo alisikia kwamba katika kitongoji fulani wazee wanaezuliwa mapaa ili wahame. Akaenda kwa baiskeli, akamkuta kijana wa mgambo juu ya paa.

"Nani amepiga yowe hapa?" akamuuliza.

"Hakuna, mzee. Sisi tunawasaidia tu."

"Basi kama hakuna yowe, shuka upige hodi."

Kijana akacheka, paa likaendelea kushuka. Siku ile marehemu alishindwa, na alirudi akiwa ameshindwa. Alituambia kwamba kuna watu wawili wanaovunja milango ya watu kwa jina la huruma, aliyeitwa na asiyeitwa, na kwamba kwa nje wanafanana sana.

Sasa nafika mahali nilipoombwa niruke.

Mwishoni mwa Oktoba 1978, majeshi ya Nduli Amin yaliingia nchini kwetu huko Kagera, yakaua na kupora. Mwezi Novemba vijana wa mgambo wa Kilosa walipanda treni kwenda vitani. Stefano, mwana wa marehemu, alikuwamo. Alikuwamo pia Kasian, mtoto pekee wa jirani yetu, Mama Bibiana, Bibiana likiwa jina lake mwenyewe, ambaye ukuta wa choo chake unaweza kuugusa ukiwa uani kwetu. Vijana wale walikua pamoja, na waliondoka wamekaa benchi moja. Adui akafukuzwa Kagera. Jeshi letu halikuishia mpakani. Januari likavuka, Aprili likaingia Kampala, na utawala ule wa mauaji ukaanguka. Stefano alirudi. Kasian alikufa mwezi Machi, ng'ambo ya Masaka, na amelazwa Kagera pamoja na wenzake.

Jumapili tarehe 29 Aprili 1979 kulikuwa na mkutano mkubwa hapa wilayani wa kushangilia ushindi. Mkubwa mmoja, ambaye leo simtaji kwa kuwa hayupo hapa kujibu, alimwita marehemu jukwaani kama mtu wa sheria. Akamnong'oneza, "Waeleze kwa ufupi kwamba sheria iko upande wetu tangu mwanzo hadi mwisho, basi." Marehemu akashika kipaza sauti. Alisema kwamba kumfukuza mvamizi Kagera ni haki yetu, mkataba wa Umoja wa Mataifa unasema wazi katika kifungu cha hamsini na moja. Akasema kwamba kutoka mpakani hadi Kampala ni jambo lingine. Akasema, "Nimezisoma karatasi hizi miaka kumi na mitano. Hakuna kifungu kinachoruhusu nchi kuvunja mlango wa nchi nyingine kwa sababu mwenye nyumba anachinja watu wake. Nimekitafuta. Hakipo."

Uwanja ukavuma. Mama Bibiana, akiwa amevaa kaniki ya msiba, akasimama.

"Shikamoo Hakimu."

"Marahaba, Mama Kasian."

"Unasema mwanangu kafia kwenye kosa?"

"Hapana mama. Ngoja nimalize, hiyo ni nusu..."

Hakumaliza. Kipaza sauti kilichukuliwa mkononi mwake, vijana wa kwaya wakaambiwa waimbe, na wimbo ukishaanza, kwetu mtu anajua hotuba imekwisha. Mama Bibiana alijifunga vizuri kaniki yake akaondoka uwanjani. Ile ndiyo shikamoo ya mwisho aliyompa, na miaka mitano ikapita.

Kesho yake asubuhi marehemu alikwenda kwa jirani. Bi Siwema alikuwa uani kwetu anasikia. Mama Bibiana alikuwa anatwanga mahindi ndani. Marehemu akapiga hodi, mchi ukanyamaza. Akapiga ya pili, ya tatu, kimya. Akarudi, na mchi ukaanza tena. Alikwenda siku nyingine nyingi, na kila mara ikawa hivyo hivyo. Bi Siwema akamwambia, "Mume wangu, mlango wenyewe una pazia tu. Ingia umweleze." Akajibu, "Hajanikaribisha. Na yowe hakuna." Nilikuwa nikimwonea hasira kwa hilo, naisema wazi. Lakini hakuwa mtu wa kuwa na sheria moja ya nchi na nyingine ya majirani.

Mwezi Juni ikaja barua ya kumstaafisha kwa manufaa ya umma. Manufaa yenyewe hayakutajwa. Mwezi Julai tukasikia redioni kwamba wakuu wa Afrika wamekutana na wapo waliotulaumu kwa kuvunja mkataba. Alizima redio akasema, "Miaka minane yowe la Waganda lilisikika bara zima, wakasema ni mambo ya ndani. Leo wamesikia mlango." Basi huku nyumbani aliitwa msaliti kwa kusema tulivunja mlango, naye peke yake barazani alikuwa anatetea waliouvunja. Watoto wa shule walifundishwa kutomwamkia. Wengine wenu mliovaa nguo safi hapa mlivuka barabara msikutane naye, na mnajijua. Alilima mahindi yake, akasoma karatasi zake, akaendelea kuwapigia hodi watu wasiomjibu.

Mwaka 1982 aligundulika ana shinikizo la damu. Jumatatu tarehe 18 Juni mwaka huu, asubuhi, aliingia bafuni uani akafunga komeo kwa ndani, kama kawaida yake. Akaanguka kwa kiharusi. Bi Siwema alisikia kishindo, akasukuma mlango, haukufunguka. Akapiga yowe.

Aliyefika wa kwanza hakupitia mlangoni. Mama Bibiana alipenya ua wa mabua, akaubomoa wote, na mchi wake mkononi, maana alikuwa anatwanga. Hakuuliza kitu. Aliupiga mlango wa bafu kwa mchi mpaka mbao zikapasuka, akaingiza mkono akavuta komeo. Marehemu alikuwa chini, upande mmoja umelala, mdomo umepinda, lakini akili iko timamu. Akamtazama.

"Mama Kasian," akasema kwa shida. "Umevunja mlango wangu."

"Nimevunja. Nishtaki."

"Una kosa."

"Najua nina kosa. Nyamaza tukubebe."

Akambeba begani kwake upande mmoja, Bi Siwema upande wa pili, mpaka barabarani lilikopatikana gari la kumfikisha hospitali Kilosa. Kesho yake mimi nilikuwa kando ya kitanda alipoingia Mama Bibiana na uji. Alisimama kidogo, kama mtu anayepima kina cha maji. Marehemu akamwahi, na kila neno lilimgharimu pumzi.

"Ungeniacha?"

"Ningekuachaje, na mkeo analia vile?"

"Ingawa ni kosa?"

"Hakimu, mtu anakufa humo ndani, mimi nianze kufikiria komeo?"

"Basi," akasema, "ndilo jibu nililotaka kukupa siku ile uwanjani."

Mama Bibiana akaweka uji chini. Alikaa pembeni ya kitanda, akalia kwa sauti, kwa mara ya kwanza, nadhani, tangu ile taarifa ya kifo cha Kasian. Alipomaliza akajifuta kwa ncha ya kanga, akasimama, akainama kidogo kama inavyopasa.

"Shikamoo Hakimu."

Ilimchukua muda marehemu kulikunjua lile neno kwenye mdomo uliopinda, nasi hatukumsaidia, kwa sababu lilikuwa lake.

"Marahaba," akasema.

Aliruhusiwa kurudi nyumbani Julai. Alikataa mlango wa bafu utengenezwe, na mliofika msibani mmeuona. Hali ikabadilika tena mwanzoni mwa Agosti, na alfajiri ya Alhamisi tarehe 9 akatutoka, akiwa na umri wa miaka hamsini na minane. Mkewe na watoto wake walikuwepo.

Juzi, kamati ilipokaa na kuamua kwamba mwaka 1979 usisomwe, Mama Bibiana alikuwa jikoni na wanawake. Alitoka na mikono ya unga akasema, "Kama Yunis hasomi, nitasoma mimi. Na mnanijua, mlango haunizuii." Kamati ikasema basi nifupishe. Kwa hiyo nusu ya hotuba iliyokatwa na wimbo naisoma sasa. Marehemu alinipa mwenyewe jioni ile ile ya mkutano, barazani, akiwa bado na viatu miguuni. Yeye Mama Kasian alishajibiwa. Ninyi wengine bado.

"Hakipo kifungu. Lakini watu walikuwa wanakufa mle ndani, na wote tulisikia. Hakuna anayeweza kusema yowe la Uganda tulilisikia peke yetu. Basi tuseme kweli mbele ya dunia: tulivunja mlango. Tusijifiche nyuma ya Kagera kama watu walioona haya. Tuliingia kwanza kwa sababu alituvamia, tukaendelea kwa sababu ndani mlikuwa na kilio, na kama hilo ni kosa la sheria, tuko tayari kusimama tuulizwe: mliita nani kwanza, mlitumia nguvu kiasi gani, mnatoka lini. Na tutoke kweli. Na kama yuko mtu ametoka huko na jogoo wa watu, aletwe barazani. Sheria isiyo na nafasi ya yowe imepungukiwa yenyewe, si watoto wetu waliopungukiwa. Lakini msiharakishe kuiandika kwa wino mzito, maana wako wenye nguvu watakaosikia yowe kila palipo na dhahabu. Kasian hakufia kwenye kosa. Kasian alisikia mtu analia akaacha ugali jikoni. Kosa, kama lipo, tulibebe sisi tuliobaki, na tulibebe bila kuinamisha vichwa."

Hiyo ndiyo hotuba. Kwa ajili ya hiyo walimstaafisha, kwa ajili ya hiyo mlimvukia barabara. Kama kuna mwenye neno, marehemu angemruhusu aseme, nami namruhusu, lakini asimame na ataje jina lake.

Naona hakuna. Tunaendelea.

Marehemu ameacha mjane, Bi Siwema, watoto watatu, Stefano, Elizabeti na Lazaro, wajukuu saba, mimi mpwa wake na wadogo zangu, na jirani yake Mama Bibiana, ambaye familia imeamua atatupa udongo mara baada ya mjane, kabla ya ukoo. Wazee wameuliza hilo limetoka kwenye desturi gani. Limetoka kwetu, leo.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi wa Kilosa, na watani waliochimba kaburi. Mtani wetu Mathias ameshinda getini tangu asubuhi amevaa koti la marehemu, anamzuia kila anayeingia: "Umepiga hodi?" Alipoulizwa itakuwaje huko juu wakichelewa kumfungulia Hakimu, akasema hana wasiwasi, Mama Kasian akifika ataleta mchi. Bi Siwema alicheka, na tulikuwa hatujamwona akicheka tangu Alhamisi.

Mjomba, umepiga hodi maisha yako yote, hata kwa waliokunyamazia. Leo unapiga ya mwisho. Ufunguliwe, ukaribishwe ndani, upumzike kwa amani.